Je, wajua moshi wa kuni ni kuni ambayo haijaungua?

Mwambie muuza kuni unataka zisizo na moshi, atakutajia mti. Chukua za mgunga, zina makaa. Za muwati hazina shida. Msonobari achana nao. Kila muuzaji ana mti wake. Mimi siku hizi swali langu la kwanza ni jingine: zilikatwa lini?

Sababu imo ndani ya moto wenyewe. Umechuchumaa mbele ya mafiga, unapuliza, machozi yanakutoka, jiko linafuka moshi mzito. Mara bup! Mwali unashika juu ya kuni na moshi unatoweka. Moshi ule haukwenda kokote, umeungua. Kama huamini, zima mshumaa, kisha upesi sogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye uzi wa moshi unaopanda. Moto utashuka kwa kuufuata moshi na kuuwasha utambi ambao hukuugusa.

Kinachowaka kwa mwali si mti wenyewe. Ukipashwa joto la nyuzi 200 hadi 300 hivi, mti huanza kuvunjika na kutoa gesi na mvuke wa lami, na hiyo gesi ndiyo mwali tunaouona. Kinachobaki ni kaa, ambalo huungua taratibu kwa wekundu, karibu bila moshi. Ila gesi ile haiungui ikaisha mpaka ipate hewa ya kutosha na joto la nyuzi 600 hivi. Ikikosa kimojawapo, inapaa kama ilivyo: nyingine inaganda kwenye sufuria na paa, nyingine inaingia kifuani mwa mpishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, nyingi ikitokana na majiko ya aina hii, ilihusika na vifo milioni 3.2.

Sasa tia maji kwenye hesabu hiyo. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake; kilo moja ya kuni mbichi ni nusu lita ya maji uliyoinunua kwa bei ya kuni. Wengi hudhani hasara yote ni joto linalotumika kuyachemsha maji hayo. Piga hesabu uone: kuyageuza mvuke kunakula kama sehemu moja kati ya saba ya joto linaloweza kutolewa na ile nusu kilo iliyobaki. Si kidogo, lakini si hapo jiko linaposhindwa. Linashindwa kwa sababu sehemu ya kuni yenye maji haipandi sana juu ya nyuzi 100 mpaka ikauke, na mvuke wake unaupooza mwali. Gesi inatoka, joto la kuiunguza halipo. Kwa hiyo mpishi anapuliza.

Je, aina ya mti haina maana kabisa? Inayo, ila si kama inavyosemwa sokoni. Kilo kwa kilo, miti mikavu hutoa joto linalokaribiana sana. Mgunga unasifiwa kwa kuwa mzito: kipande kile kile kina mti mwingi zaidi, na makaa yake hudumu, ndiyo maana wapika maharage wanaupenda. Msonobari una utomvu, unashika haraka na kuacha masizi. Mimi huutumia vibanzi viwili vitatu vya kuwashia, basi. Mkaratusi unaonewa. Kosa lake ni kuuzwa ukiwa mbichi. Upasue mapema, maana ukishakauka shoka linadunda.

Ninachokataa kabisa ni mabaki ya mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina sumu ya aseniki, na moto hauiui. Unaigawa tu kati ya moshi na majivu. Mnyaa wa uzio nao uache: utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

Kuujua mti mkavu si kazi. Gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia kwa sauti kali kama vya mchezo wa watoto, vibichi vinajibu kwa sauti nzito iliyozama. Tazama ncha, utaona nyufa zilizosambaa kutoka katikati. Ganda linabanduka kwa kucha. Na kuni ikishaingia motoni ikaanza kuzomea na kutoa povu nchani, umeshapigwa.

Maji ya mti husafiri kwa urefu wake na kutokea nchani, na ganda huyazuia. Basi kata vifupi, pasua mpaka unene wa kifundo cha mkono au chini ya hapo, panga juu ya mawe au uchaga upepo upite, funika juu peke yake. Wengi hufunika turubai mpaka chini, wakazivundika kama ndizi. Kuni nzuri hubaki na maji yasiyozidi asilimia 20 hivi ya uzito wake. Huna kipimo? Weka alama kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka.

Kwa anayetegemea masika ya Machi hadi Mei, kununua Februari ni kuchelewa. Nunua kuanzia Juni, kiangazi kikiwa bado mbele, na hapo hata mbichi chukua, mradi akupunguzie bei ya yale maji.