Je, wajua kwa nini daktari huenda asikate kinyama kwenye uvimbe wa umio?

Katika Nyanda za Juu Kusini, mtu anayeanza kulalamika kwamba ugali unamkwama kifuani na haushuki mpaka ausindikize kwa maji hudhaniwa mara moja kuwa ana saratani ya umio. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa Tanzania imo katika ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika ambako saratani hiyo huonekana kwa wingi. Ndiyo maana mgonjwa aliyetoka Makete au Tukuyu hadi Mbeya mjini, akapitishiwa mpira wenye kamera kooni, anaweza kushangaa akiambiwa kwamba uvimbe umeonekana lakini hakuna kinyama kilichokatwa kwenda maabara. Je, huo si uzembe?

Mara nyingi si uzembe. Umio, mrija wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima, umejengwa kwa matabaka: utando wa ndani unaoguswa na chakula, chini yake tabaka legevu, kisha misuli inayosukuma tonge kwenda tumboni. Saratani za umio kwa kawaida huanzia kwenye utando. Leiomayoma, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa vimbe zisizo za saratani katika umio, huota ndani ya misuli, na kwa asili ni ndugu wa fibroidi za kizazi ambazo akina mama wengi wanazifahamu. Vimbe hizi zisizo za saratani, zote kwa pamoja, hazifiki asilimia 1 ya vimbe za umio.

Kwa hiyo kamera huonyesha utando mzima, laini, uliosukumwa na kitu kilicho nyuma yake. Kinyama kikichukuliwa juujuu, maabara itapokea utando wenye afya na majibu hayatasaidia. Kikichukuliwa kwa kina, kidonda kitapona kwa kovu linalogandisha utando kwenye uvimbe, na hapo ndipo shida ya upasuaji huanzia. Daktari wa upasuaji huingia kifuani kati ya mbavu, au kupitia matundu madogo kwa msaada wa kamera, akatenganisha nyuzi za misuli na kuubandua uvimbe taratibu pasipo kuutoboa utando. Penye kovu, utando huchanika kwa urahisi, na tundu lisiloonekana huvujisha mate na chakula kifuani, jambo linaloweza kuua. Kabla ya kushona misuli, eneo hilo huweza kufunikwa kwa maji huku hewa ikipulizwa ndani ya umio: mapovu yakitoka, tundu lipo.

Utando ukiwa na kidonda au umeparaganyika, hesabu hubadilika na kinyama hukatwa bila kusita. Ukiwa mzima, daktari hutegemea picha ya eksirei baada ya mgonjwa kunywa bariamu (kimiminika kinachoonekana wazi kwenye eksirei), CT skani, na, pale inapopatikana, ultrasaundi inayofanywa kutoka ndani ya umio, ambayo huonyesha uvimbe umeota katika tabaka lipi. Uvimbe mdogo usiomsumbua mtu huachwa, ukafuatiliwa kwa vipimo.

Uvimbe uliotolewa hupelekwa maabara ukiwa mzima. Kipimo hicho hakiruki mtu, kwa sababu kuna aina nyingine ya uvimbe, iitwayo GIST, inayofanana sana na leiomayoma kwa macho lakini inaweza kusambaa mwilini, na rangi maalumu za maabara ndizo huzitofautisha.