Chuki dhidi ya Uislamu na ubaguzi wa kimfumo katika huduma za afya ya akili

Chuki dhidi ya Uislamu katika huduma za afya ya akili haiishii kwenye kauli ya dharau ya muuguzi au daktari mmoja. Ni mazoea ya kuwatazama Waislamu, pamoja na wanaodhaniwa kuwa Waislamu kwa sababu ya jina, rangi au mavazi yao, kama kundi moja lenye fikra moja, linalotiliwa shaka hata kabla halijazungumza. Mwaka 2017 taasisi ya Runnymede Trust ya Uingereza, ambayo ripoti yake ya mwaka 1997 ilichangia sana kuingiza suala hili katika mijadala ya umma, iliieleza chuki hiyo kuwa ni ubaguzi wa rangi dhidi ya Waislamu. Ufafanuzi huo unafaa hapa, kwa kuwa unaelekeza macho kwa mtu anayeumizwa. Mafundisho ya dini yoyote yanaweza kujadiliwa bila mgonjwa kunyimwa haki yake.

Ubaguzi wa kimfumo, kwa upande wake, huendelea hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kubagua, kwa sababu umejengeka ndani ya kanuni, fomu, mafunzo na mazoea ya kazi. Nchini Uingereza, watu weusi hulazwa hospitalini kwa nguvu ya Sheria ya Afya ya Akili kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha watu weupe, na tofauti ya namna hiyo imedumu kwa miaka mingi huku madaktari na mawaziri wakibadilika. Kifo cha David Bennett, mgonjwa mweusi aliyefariki mwaka 1998 katika kliniki mjini Norwich baada ya wauguzi kumbana chini kwa muda mrefu, kilisababisha uchunguzi rasmi ambao ulisema waziwazi kwamba ubaguzi wa kitaasisi ulikuwepo katika huduma ya afya ya taifa.

Mambo haya mawili yalikutana zamani. Wakati wa utawala wa Ufaransa nchini Algeria, wafuasi wa daktari wa magonjwa ya akili Antoine Porot walifundisha kwamba Mwalgeria Mwislamu alizaliwa na mwelekeo wa ukatili na kwamba ubongo wake haukukua sawa na wa Mzungu, na mafundisho hayo yalitolewa kama sayansi. Frantz Fanon, daktari mweusi wa magonjwa ya akili kutoka Martinique, alipofika katika hospitali ya Blida-Joinville huko Algeria mwaka 1953, alijaribu tiba ya shughuli za pamoja, ambayo iliwafaa wanawake wa Kizungu lakini ikashindwa katika wodi ya wanaume Waislamu. Mwaka 1954 yeye na mwenzake Jacques Azoulay waliandika kwamba kasoro ilikuwa katika mbinu zao, zilizoletwa bila kujali lugha, imani na maisha ya wagonjwa. Baadaye wodi hiyo ilipata mkahawa wa kienyeji, msimuliaji wa hadithi na maadhimisho ya sikukuu za Kiislamu. Kwangu mimi, uamuzi wao wa kuchunguza huduma badala ya kumlaumu mgonjwa una thamani kubwa kuliko semina nyingi za leo.

Siku hizi tatizo huonekana zaidi katika tathmini. Mgonjwa anapoeleza kwamba anaswali zaidi tangu afiwe, ibada yake inaweza kuandikwa kama dalili. Anapotaja majini, daktari mmoja anaweza kuona wazimu papo hapo, na mwingine, kwa kuogopa kuonekana mbaguzi, akasema hayo ni mambo ya utamaduni tu na kumwacha mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaoweza kumfanya asikie sauti zisizokuwepo, bila matibabu. Wote wawili wamekosa kumuuliza yeye na jamaa zake ni nini hasa kimebadilika.

Uzito wa mfumo unaonekana zaidi mahali ambapo tiba imeunganishwa na usalama wa taifa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 ya kupambana na ugaidi inazitaka hospitali za umma, kupitia mpango wa Prevent, zishiriki kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, na hivyo wahudumu hufunzwa kutambua dalili za hatari hiyo na kuziripoti. Tiba ya mazungumzo hutegemea mgonjwa kusema asiyothubutu kuyasema kwingine, ikiwemo hasira yake juu ya vita au siasa. Mwislamu anayejua kwamba maneno yake yanaweza kupelekwa polisi huchuja anachosema, au huacha kabisa kwenda, kisha kutokuhudhuria kwake kukahesabiwa kuwa ushahidi kwamba jamii yake haithamini tiba.

Tangu mwaka 2013, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, umekuwa na mahojiano ya maswali 16 yanayompa mgonjwa nafasi ya kueleza tatizo lake kwa maneno yake mwenyewe. Ni chombo kizuri, ila hakiwezi kuondoa wajibu wa Prevent wala kupunguza viwango vya kulazwa kwa nguvu. Hayo huhitaji sheria kubadilishwa na takwimu za kila hospitali kutolewa hadharani, zikionyesha dini pamoja na rangi, kwa sababu pale dini isipoandikwa, Mwislamu mweusi, Mwislamu wa asili ya Pakistani na Mwislamu mweupe hutawanywa katika safu tofauti, na wanayoyapata kwa pamoja hayaonekani popote.