Laki moja ya droo si faida

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya muuza rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Alifika kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, na maneno niliyokwisha kuyasikia kwa mama wa mchele, kwa muuza mitumba na kwa kijana wa vipuri vya boda. "Mwalimu, kazi inakwenda vizuri, kwa siku napata laki moja. Lakini unga ukipanda kidogo tu, lazima nikakope." Nikamuuliza faida yake ni kiasi gani. Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Si nimekwambia? Laki moja."

Hapo ndipo ninapochoka. Laki moja ni mauzo! Tukakaa na kalamu. Rolex 40 kwa shilingi 2,500, sawa, ni 100,000. Mayai 80 yanakula 36,000, maana trei ameinunua 13,500. Unga na mafuta ya chapati 16,000. Nyanya, kitunguu na kabichi 6,000, makaa 7,000, karatasi za kufungia 1,000, mahali pa kusimama 3,000, kijana anayemsaidia 10,000. Jumla 79,000. Kilichobaki ni 21,000, na hapo yeye mwenyewe, anayesimama kwenye moto tangu alfajiri, hajalipwa senti.

Nikamuuliza anapeleka nyumbani kiasi gani. Hakujua. Hawajui kamwe, kwa sababu pesa haitoki mara moja: elfu mbili ya boda, elfu tano ya maziwa na sukari, mtoto anatumwa na shule, shemeji amepiga simu. Tulipojumlisha ilifika kama 25,000 kwa siku. Maana yake kila jioni alikuwa anakula shilingi 4,000 za mtaji wake, na kwa siku 26 za kazi ni 104,000. Hakuna aliyemwibia wala kumloga. Nasema hivi kwa sababu wengi hufika kwangu wakiwa wameshamfukuza msaidizi kwa kumshuku wizi, na wengine wameshapita kwa mganga.

Dawa yangu ni ileile, na wateja wangu wameichoka: jilipe mshahara. Huyu nilimpangia 15,000 kwa siku. Zikiisha, zimeisha, hata droo ikiwa imejaa. Shilingi 6,000 zinazobaki zikae kwenye laini nyingine ya simu, isiyo ile anayopigiwa na shemeji. Kwa mwezi ni 156,000, naye ataanza kununua unga kwa jumla badala ya pakiti moja moja. Na kila kinachotoka kiandikwe, hata yai alilokula mwenye kibanda. Kwa sisi wa mpakani kuna shimo lingine: noti za Kenya na za Uganda zinalala droo moja, na mtu anazihesabu kwa kukisia. Ukipokea ya Kenya, andika thamani yake kwa bei ya kubadilisha ya siku hiyohiyo.

Halafu kuna wale wanaosema, "Nikiandika hesabu, URA, wale wakusanya kodi wa Uganda, watanikamua." Ni kinyume kabisa. Muuza rolex wangu anauza kama milioni 31.2 kwa mwaka. Katika kodi ya wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo ya milioni 30 hadi 50 asiye na hesabu hulipa 200,000 kwa mwaka. Mwenye hesabu hulipa 80,000 na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30, kwa hiyo yeye angelipa 86,000. Daftari analoliogopa lingemwachia 114,000. Anayeuza chini ya milioni 10 kwa mwaka hadaiwi kodi hii. TIN, namba ya mlipakodi, nayo si kodi, na URA hawaiuzi. Anayekudai pesa ya TIN anakudai ujira wa kukujazia fomu.

Wengine huniambia, "Shida yangu ni mtaji tu." Mara chache ni kweli. Aliyekula laki tatu bila kujua atakula milioni tatu vilevile, atachelewa tu kumaliza.

PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi: ile milioni moja ni mkopo wa SACCO ya parishi, yaani chama cha akiba na mikopo, wenye riba. Si zawadi. Ukishainunulia kochi, utarudisha nini?

Na tawi la pili nisiulizwe kabla sijaona daftari la kwanza.

Muuza rolex alirudi jana, amejaza kurasa tatu kwa mwandiko mzuri. Ukurasa wa pili, katikati ya makaa na vitunguu, ameandika: "chai ya rafiki, 1,500." Nimeikata nikaihamishia kwenye mshahara wake. Hakufurahi.