Mashine ya plastiki ya umeme: je, bili hupanda?

Hapa Malindi, mazungumzo ya barazani yakifika kwenye viwanda vya ndoo na vifuniko, wengi husema mashine ya kuunda vyombo vya plastiki ya umeme mtupu lazima itumie umeme mwingi kuliko ile ya mafuta. Jina hilo la mafuta linachanganya. Mafuta yale hayachomwi. Kazi yake ni kusukuma tu, na pampu yake huzungushwa na mota ya umeme.

Tazama kifuniko kimoja kikitengenezwa. Plastiki iliyoyeyuka huingia kwenye kalibu, kisha husubiriwa ipoe. Katika mashine za haidroli, yaani hizo za mafuta, hasa za zamani, pampu huendelea kuvuma muda wote huo. Mashine ya umeme, iliyoingia sokoni miaka ya 1980, ina mota ya servo, yaani mota inayozunguka pale tu inapohitajika, kwa kila mwendo. Ikitulia, haivuti umeme mwingi. (Hita ya kuyeyushia zote zinayo, hapo hakuna ujanja.) Bei ya kuinunua ndiyo kubwa, na kwa vyombo vikubwa mno haidroli bado inatamba.

Mwenye shaka asome mita kabla na baada ya zamu, kisha agawe yuniti kwa idadi ya vifuniko. Muhimu alinganishe kifuniko cha aina moja, plastiki ileile.