Je, wajua kwa nini betri ya lithiamu ikiwaka ndani ya ndege ndogo humwagiwa maji?

Kutoka Dar es Salaam hadi Mafia kwa ndege ndogo ni nusu saa hivi, na ndani ya Cessna Caravan abiria mmoja huwa anakaa mbele, pembeni mwa rubani. Safari moja kiti hicho kiliniangukia mimi. Mapajani nilikuwa na chupa ya maji ya nusu lita na pawabenki iliyokuwa ikichaji simu yangu tangu uwanjani. Tulipoanza kuuona mdomo wa Rufiji upande wa kulia, pawabenki ikawa ya moto kiasi cha kulisikia joto lake kupitia suruali. Nikachomoa waya, ikapoa, mambo yakaishia hapo. Tulipotua Kilindoni nikamwuliza rubani angefanya nini kama ingewaka.

"Ningekwambia uimwagie hayo maji yako, kaka," akasema. "Halafu ningetafuta pa kutua."

Nikambishia palepale, kwa sababu nilikuwa na hakika. Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa kemia alitoa kipande cha sodiamu kwenye chupa ya mafuta, kidogo kama punje ya mahindi, akakidondosha kwenye beseni la maji. Kikakimbia huku na huku juu ya maji kikifoka, kisha kikashika moto. Akageuka ubaoni akaandika lithiamu, sodiamu, potasiamu, akatuambia hawa ni ndugu wa ukoo mmoja. Tangu siku ile nilikuwa nikimwambia kila aliyenisikiliza kwamba betri ya lithiamu ikiwaka usithubutu kuileta karibu na maji, tafuta mchanga. Nilimwambia mama. Nilimwambia shemeji yangu mwenye kibanda cha kutengeneza simu, naye akaweka ndoo ya mchanga chini ya meza. Nilikuwa nimekosea, na kwa kuwa nimekutana na wengi wanaoamini hivyohivyo, hapa nitakaa kidogo.

Somo la mwalimu lilikuwa sahihi. Kosa ni kudhani kwamba kitu kilichomo ndani ya betri ya simu ni kilekile kilichokuwa ndani ya chupa ya mafuta. Chukua chumvi ya jikoni. Karibu asilimia 40 ya uzito wake ni sodiamu, sodiamu hiyohiyo iliyowaka kwenye beseni, na kila siku tunaitia kwenye mchuzi unaochemka. Sufuria hailipuki, kwa sababu sodiamu ya kwenye chumvi imekwisha kupoteza elektroni yake. Imekuwa ioni, na ioni haina tena ugomvi na maji. Betri za simu, kompyuta mpakato, droni na pawabenki huitwa za lithiamu-ioni kwa maana hiyohiyo. Lithiamu yake haikai humo kama kipande cha metali. Iko katika hali ya ioni, imejificha kati ya tabaka za kaboni upande mmoja na ndani ya oksidi ya metali upande wa pili, na kazi yake ni kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine unapochaji na unapotumia.

Haina maana kwamba hakuna lolote linalotokea maji yakiingia. Betri iliyojaa chaji hushika lithiamu kwenye kaboni kwa namna inayoweza kugusana na maji ikatoa hidrojeni kidogo, na betri iliyochajiwa kwa pupa au kwenye baridi kali inaweza kujipaka lithiamu halisi ndani. Zipo pia betri zisizochajiwa, kama vile baadhi ya vidonge vya saa na vya betri za kamera, ambazo zina lithiamu ya metali kwelikweli. Hata hivyo kiasi chake ni kidogo, na maabara ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliyopo karibu na Atlantic City, imechoma betri za kila aina kupima jambo hili. Mwaka 2009 FAA ikawatumia wenye mashirika ya ndege tahadhari ya usalama: zima miali kwa haloni (gesi ya mtungi wa kuzimia moto) au maji, kisha endelea kukimwagia kifaa maji au kinywaji chochote kisicho na pombe. Soda inafaa, na chai iliyopoa pia. Mchanga wangu, pamoja na poda maalumu za kuzimia metali, ni dawa ya moto wa metali tupu, na kwenye simu metali tupu si mgonjwa wetu.

Mgonjwa ni joto. Hapo ndipo palinivutia zaidi, maana moto huu hauendi kama moto tuliouzoea.

Umewahi kumtazama mtu anayepika chapati za kusukuma akiviringa donge kabla ya kulisukuma mara ya pili? Tabaka ya unga, mafuta, tabaka ya unga, mafuta, mpaka katikati. Seli ya betri imeviringwa au kukunjwa vivyo hivyo. Kuna ukanda wa kaboni, ukanda wa oksidi ya metali, na kati yao utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, vyote vimelowa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Utando ule ndio amani ya nyumba. Ukitobolewa, ukikandamizwa, au ukiwa na kasoro tangu kiwandani, pande mbili zinagusana na umeme wote unatafuta njia ya mkato. Joto linapanda. Likifika kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi utando wenyewe unaanza kuyeyuka, na sasa pande zinagusana mahali pengi.

Fikiria ndoo yenye tundu chini, imewekwa chini ya bomba. Maji yakiingia polepole kuliko yanavyotoka, ndoo haifuriki hata ukiiacha mchana kutwa. Ndivyo betri nzima inavyoishi: inapata joto kidogo, inalitoa kupitia ganda lake, maisha yanaendelea. Sasa fikiria bomba la ajabu, ambalo kadiri maji yanavyopanda ndani ya ndoo ndivyo linavyojifungua lenyewe zaidi. Chini ya alama fulani ndoo iko salama. Ikivuka alama hiyo kwa kidole kimoja tu, hakuna tena wa kulifunga. Ndani ya seli bomba hilo ni kemikali zake zenyewe, zinazovunjika kwa sababu ya joto na kutoa joto zaidi zinapovunjika. Kwa sekunde chache seli moja hupita nyuzi 600, inatapika gesi na cheche, na ganda linapasuka.

Ile iliyokwisha kupasuka haiokoleki. Ila pawabenki au betri ya kompyuta kwa kawaida ina seli zaidi ya moja, zimepangwa ubavu kwa ubavu. Watu wa pwani wanajua la kufanya nyumba ya makuti inaposhika moto. Wachache wanahangaika na nyumba inayoungua, na vijana wanapanda juu ya paa la jirani na ndoo za maji kulilowesha kabla cheche hazijafika. Maji yanayomwagwa kwenye pawabenki yanafanya kazi ya vijana wale. Yanailowesha seli ya pili, ya tatu na ya nne, ili ndoo zao zisivuke alama.

Na maji ni hodari wa kazi hiyo kupita kiasi. Pawabenki ya mAh (miliampia-saa) 20,000 ina nishati ya umeme ya wati-saa 74 hivi, sawa na kilojuli 266. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 humeza kilojuli 314 kabla hata haijaanza kuchemka, na ikigeuka mvuke wote huchukua nyingine zaidi ya 2,200. Hesabu hii isichukuliwe kama ahadi: betri inayoungua hutoa pia joto la kemikali zake, juu ya lile la umeme, na maji mengi hutiririka sakafuni bila kufanya kazi. Ndiyo maana humwagwa polepole na kwa kurudia. Barafu, kinyume na nilivyodhani, inakatazwa. Ukiirundika juu ya kifaa, vipande vyake vinakigusa hapa na pale tu, na rundo zima linakuwa blanketi linalofungia joto ndani. Blanketi lenyewe na koti hufanya hivyohivyo.

Haloni, gesi iliyomo kwenye mtungi mwekundu mdogo wa ndege nyingi, inazima miali vizuri sana na ndiyo ya kwanza kutumika kama ipo, ili kiti na zulia visishike. Ila haipoozi. Mtu aliyewahi kupepea jiko la mkaa anaelewa: mwali unaweza kutoweka na mkaa ukabaki mwekundu, ukisubiri. Utasikia pia ikisemwa kwamba betri hizi hujitengenezea oksijeni na hivyo haziwezi kuzimwa. Ni kweli nusu. Betri zenye oksidi ya kobalti zikipata joto kali huachia oksijeni, zile za chuma na fosfeti huachia kidogo mno, na sehemu kubwa ya mwali unaouona nje inakula hewa ya kawaida ya kwenye kabini.

Sasa turudi kwenye ndege ndogo, maana maelekezo mengi yaliandikwa kwa kuwafikiria wahudumu wa kabini waliofunzwa, na ndani ya Caravan au Cessna 172, ndege ya viti vinne, hakuna mhudumu. Rubani mara nyingi yuko peke yake, mikono yake ina kazi. Atakayemwaga maji ni abiria. Moshi, wenye gesi za sumu, hauna pa kusambaa kama kwenye ndege kubwa. Unamfikia rubani usoni mara moja. Mwongozo wa Cessna 172 kwa moto wa umeme angani unaanza na kuzima swichi kuu, kufunga matundu ya hewa na kutumia kizimamoto, na moto ukishazimika kabisa ndipo matundu yanafunguliwa kutoa moshi. Utaratibu huo unamaliza moto wa nyaya za ndege. Simu haiijui swichi kuu. Umeme wake iko nao tumboni, na itaendelea kuwaka hata ndege nzima ikiwa imezimwa umeme.

Kuna wazo linalowajia wengi: dirisha la 172 hufunguka angani, kwa nini usiitupe nje? Nilimwuliza rubani hilo pia. Akanionyesha mkia wa ndege, ambao kifaa kingeweza kuugonga, hakusema kitu. Kifaa kinachotoa moshi kinaweza kupasuka sekunde unayokiinua, na maelekezo ya FAA yanasema kisiguswe wala kuhamishwa kikiwa katika hali hiyo. Mifuko ya kuzuia moto inayouzwa kwa ajili ya betri huja baadaye, kifaa kikishapoa.

Sheria inayotokana na yote haya ni ile inayowashangaza watu uwanjani, kwamba betri za akiba na pawabenki lazima zipande nawe kabini. Kwenye ndege ya abiria kila moja isizidi wati-saa 100, na kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika na huruhusiwi zaidi ya mbili. Kuzipata wati-saa, gawanya mAh kwa 1,000 kisha zidisha kwa volti, ambazo kwa kawaida ni 3.7. Dunia ilifundishwa kwa gharama. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747 iliyotoka Dubai, ilianguka baada ya moto kuanza kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Moshi ulijaa hadi marubani hawakuweza kuona vyombo vyao, na wote wawili walikufa. Tarehe 28 Januari 2025 Airbus ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini Busan, Korea Kusini, moto ukianzia kwenye kabati la juu ya viti. Watu wote 176 walitoka. Wachunguzi waliishuku pawabenki, na kuanzia 1 Machi mwaka huo Korea Kusini ikakataza kuziweka kwenye makabati hayo. Emirates nayo, tangu 1 Oktoba 2025, inaruhusu pawabenki moja ya chini ya wati-saa 100, na ni marufuku kuitumia ndani ya ndege. Kinachotakiwa ni betri iwe mahali ambapo jicho litauona moshi wa kwanza na mkono utafika.

Caravan nyingi zina boksi la mizigo lililofungwa chini ya tumbo. Ndimo begi lako linamoingia, na mkiwa angani hakuna mtu awezaye kulifungua. Sitaki kumtisha yeyote. Maelfu ya betri husafiri kila siku bila tatizo. Ila siku ya kurudi kutoka Mafia, kijana wa mizigo alipolishika begi langu nilimwomba anisubiri. Nikatoa tochi, nikatoa betri mbili za kamera nilizokuwa nimezisahau ndani ya soksi, nikazifunika ncha zake kwa selotepu aliyonipa yeye mwenyewe kutoka kaunta. Pawabenki niliiweka mfuko wa mbele wa shati, waya ukiwa umechomolewa. Safari hii nilikaa kiti cha nyuma kabisa, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ilikuwa miguuni, haijafunguliwa.