Kijiji kilichobadili mkoa bila kuhama

Wengi tunaamini vijiji vyetu Tanzania vipo tangu enzi za mababu. Watu na koo, sawa. Kijiji chenye mipaka na uongozi wake kisheria ni cha juzi tu: sheria yake ilipitishwa mwaka 1975, wakati Operesheni Vijiji ikihamishia kaya kwenye makazi ya pamoja. Ndiyo maana mahali pengi nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na huko nyuma porini yamebaki mahame: miembe mizee, mafiga, makaburi. Babu amezikwa kule, ofisi ya kijiji iko huku.

Dhana nyingine ni kwamba mkoa ukibadilika, mipaka ya kijiji nayo husogea. Tazama Chato. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, katika mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao mwaka 1979 ulipewa jina la Kagera. Katikati ya miaka ya 2000 ikawa wilaya inayojitegemea. Mwaka 2012 ukaanzishwa mkoa wa Geita, Chato ikawekwa huko. Mzee wa pale anaweza kuwa ameishi mikoa miwili na wilaya mbili bila kung'oa hata kigingi cha zizi. Kinachobadilika ni ngazi za juu tu. Mipaka ya kuiangalia ni pale kijiji chenyewe kinapogawanywa kuwa viwili: malisho na kisima vinabaki upande upi? Hapo ndipo ugomvi huanzia.

"Mwenyekiti ameshagonga muhuri, shamba ni lako." Hii imeliza watu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, nayo haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote watu wazima. Muhuri wa mtu mmoja hautoshi, hata ukiwa na wino mzito namna gani. Mnunuzi aulize muhtasari wa kikao, asome majina na saini za waliohudhuria.

Na mtendaji wa kijiji hachaguliwi na wananchi. Huyo ni mwajiriwa. Anayepigiwa kura ni mwenyekiti.