Je, mbwa wakubwa humlea mtoto wa mbwa peke yao?

Malindi, kwenye nyumba zenye mbwa watatu wanne wa ulinzi, wengi huamini kuwa mtoto wa mbwa akiletwa, wakubwa watamfunza kila kitu. Kazi ya mwenye nyumba ni chakula tu.

Nusu yake ni kweli. Wakubwa humfundisha kutong'ata kwa nguvu wanapocheza. Lakini hawawezi kumzoesha tuktuk, wageni wala mkono wa daktari wa mifugo. Mambo hayo hushika vizuri zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya umri wake, na ni kazi ya mtu. Kama hajamaliza chanjo, mbebe, asikanyage chini barabarani.

Jionee mwenyewe. Mpeleke getini bila wenzake, tuktuk ipite. Akiwa nao hutikisa mkia. Peke yake akijikunja, mkia katikati ya miguu, basi ushujaa ule ulikuwa wa kuazima. Rudia kila siku, kwa mbali kwanza, na kipande cha nyama mkononi.

Na mkubwa akinguruma? Anaonya. Usimpige, maana siku nyingine huenda akang'ata bila kunguruma. Mtoto asiposikia, watenge, na kila mmoja ale kona yake.